Tulichangia Mashine, Nani Alichangia Oili?



Ndugu zangu wa Kericho na Bomet, leo nimekasirika. Nimeletewa ujumbe na kamati ya shule moja ya upande wa Konoin, shule ambayo sitaitaja kwa sababu wanaoiendesha ni watu wangu na bado nawapenda. Ujumbe unasema kwamba ile mashine ya kukata nyasi ya kukalia, ambayo sisi tulio ng'ambo tuliichangia na kuipakia kwenye kontena mpaka Mombasa, imezima kabisa, na kwamba kamati imeketi ikaonelea tuchange tena, tununue nyingine. Picha zimeambatanishwa. Mashine iko nyuma ya jiko, chini ya mkaratusi, kiti kimetobolewa na panya, kuku wametaga chini yake.

Picha moja ilipigwa kabla mashine haijazima. Ni ya uwanja wa mpira, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Katika kila mstari aliopita dereva, upande wa kushoto nyasi zimenyolewa mpaka udongo mwekundu umejitokeza, na upande wa kulia zimesimama ndefu. Mtu afanyaye kazi kama yangu akiona mistari ya namna hiyo hahitaji kuambiwa: matairi ya kushoto hayakuwa na upepo. Pampu ya baiskeli ingetosha. Badala yake dereva aliendelea kuutia uwanja vidonda, kisu kikala udongo na mawe, kikapinda, kikaanza kuitikisa mashine nzima, mkanda ukachomoka, na mwishowe injini ambayo haikuwahi kubadilishiwa oili ikakwama. Niliuliza habari za oili. Nikajibiwa kwamba ilikuwa ikiongezwa inapohitajika.

Mimi kazi yangu hapa Minnesota ni kutunza viwanja vya shule. Kwa wale ambao hawajafika huku, hili ni jimbo la kaskazini mwa Marekani, linapakana na Kanada, na nyasi zake hukua nusu ya mwaka tu. Theluji ikianguka Novemba, uwanja hatuuoni tena vizuri mpaka Aprili. Lakini katika hiyo miezi michache ya joto watu hawana mchezo na nyasi. Kila nyumba ina uwanja wake mbele na nyuma, na manispaa zina sheria juu ya urefu wa nyasi hizo. Jijini Minneapolis kikomo ni inchi 8. Zikizidi, mwenye nyumba huandikiwa barua, na asipotii, jiji humtuma mtu kuzikata kisha bili huletwa mlangoni kwake. Hapa ndipo ilipoanzishwa kampuni ya Toro, mwaka 1914, na jimbo la jirani, Wisconsin, ndilo nyumbani kwa Briggs & Stratton, ambao injini zao hufungwa kwenye mashine za nyasi za kampuni nyingi. Kwa hiyo ninayowaandikia nimejifunza penye chimbuko lake.

Nilipoanza kazi sikushangazwa na mashine. Nilishangazwa na madaftari. Katika banda letu kila mashine ina daftari lake, limefungwa kwa kamba kwenye msumari ukutani. Ndani mna tarehe, saa za injini, kilichofanywa na jina la aliyekifanya. Mashine nyingi zina saa ndogo karibu na usukani inayohesabu muda ambao injini imewaka, na saa hiyo ndiyo inayotoa amri. Injini mpya hubadilishiwa oili baada ya saa 5 za kwanza, kwa sababu vyuma vipya vikisuguana huacha unga wa chuma ndani. Kisha oili hubadilishwa kila saa 50. Sponji ya kichujio cha hewa husafishwa kila saa 25, plagi hutupwa kila saa 100. Hakuna anayeuliza kama mashine ina shida. Saa ikifika, inaingizwa bandani ikiwa nzima, inashughulikiwa ikiwa nzima, inatoka ikiwa nzima. Kuna moja pale ambayo wanafunzi waliohitimu wakati iliponunuliwa sasa wanawaleta watoto wao shuleni, nayo bado inawaka kwa ufunguo mmoja.

Hiyo ndiyo tofauti, na nitairudia mpaka mnichoke. Huku mashine hutengenezwa ikiwa nzima. Kwetu hutengenezwa ikishakufa.

Na msiniambie habari za pesa, kwamba Wamarekani wanazo na sisi hatuna. Injini ya mashine kama ile ya shule hunywa lita moja na nusu ya oili, ikizidi sana lita mbili. Siku ya kuipokea mashine kulikuwa na hema, viti vya kukodi, kwaya, wageni wa heshima, na soda za kila aliyefika. Naambiwa hotuba ziliendelea mpaka mvua ya saa tisa ikawatawanya. Gharama ya soda peke yake ingeinunulia mashine hiyo oili ya miaka. Tulipochanga, kila mtu alitaka jina lake lisomwe kwenye orodha ya mashine. Nani alichangia oili? Nani alisimama kwenye harambee akasema, mimi natoa vichujio viwili na mkanda wa akiba? Hakuna, na mimi niliyekuwa nikifuatilia kwa simu sikusikia hata mmoja akiulizwa.

Wala si kweli kwamba hatujui madaftari. Mama yangu hajui kusoma Kiingereza, lakini mwambie kilo zake za majani ya chai za mwezi Machi zilikuwa ngapi kwenye kituo, akukosoe. Chama cha wanawake pale Mogogosiek kina kitabu ambamo shilingi ishirini ya mwaka juzi inaonekana. Watu ambao bonasi ya chai ya Oktoba ikipungua kwa senti kadhaa kwa kilo huenda kuisimamia kiwandani, watu hao wanajua kuandika na kufuatilia. Tumeamua tu kwamba mashine si kitu cha kuandikiwa.

Tena hakuna watu duniani wanaojua utunzaji wa kabla kuliko wakulima wa chai. Mchai haungojewi uharibike. Unachumwa kwa mzunguko, kila baada ya siku kadhaa, uwe una mengi au machache, kwa sababu ukiuacha majani yanakomaa na meza, yaani usawa wa juu wa mchai, inapotea. Unapogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne, ukiwa bado unazaa vizuri, na mgeni akipita siku hiyo atadhani mmeuua. Na mama zetu wanapochuma hulaza fito juu ya mchai ili meza iwe sawa, wakachuma kilicho juu ya fito na kuacha kilicho chini. Nani aliwafundisha kungoja mpaka shamba liwe msitu ndipo wamtafute fundi? Basi mashine ya nyasi ni vivyo hivyo. Ina mzunguko wake, ina kupogolewa kwake, na ina fito zake.

Sasa niwape yale ambayo ningemwonyesha dereva wa shule kwa mkono kama ningekuwa karibu. Yeyote mwenye mashine ya namna hiyo, iwe ya kanisa, ya hoteli au ya klabu ya gofu pale Kericho, akate ukurasa huu auweke.

Jambo la kwanza ni saa. Kitabu cha mashine kitakuambia oili ibadilishwe kila saa 50 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Mmarekani mwenye uwanja mdogo hufuata mwaka, kwa kuwa mashine yake hulala majira yote ya baridi. Msimwige. Kwetu mvua hainyamazi na nyasi hazilali. Shule inayokata kwa saa 4 kila juma hufikisha saa 48 katika majuma 12, na huo ni muhula mmoja. Kwa hiyo fanyeni hivi: kila muhula unapofunguliwa, oili mpya. SAE 30 inatosha kwa hewa ya Kericho. Iwasheni injini kidogo kwanza ili oili ipate joto itoke na uchafu wake, na hiyo nyeusi msiimwage mtaroni iende mtoni. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha, mashine ikiwa mahali tambarare, kijiti cha oili kichomolewe, kifutwe, kirudishwe, kichomolewe tena kisomwe.

Kuna kosa moja ambalo nimelisikia mara nyingi. Kwa kuwa msumeno wa kukatia miti huchanganyiwa oili na petroli, watu hudhani kila injini ndogo ni hivyo. Siyo. Ile ya kukalia oili yake iko tumboni mwake, petroli yake iko kwenye tangi, na havikutani. Ukichanganya, plagi itajaa masizi na mashine itafuka moshi mpaka majirani walalamike.

Jambo la pili hamtalipata kwa Mmarekani wa Minnesota, kwa sababu halimhusu, na ndilo lililonifanya nikae na vitabu usiku. Ni urefu wetu juu ya bahari. Mji wa Minneapolis uko mita 250 hivi. Kericho iko juu ya mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini hula hewa pamoja na petroli. Kwa kila mita 300 unazopanda, injini ya namna hii hupoteza kama asilimia 3 na nusu ya nguvu zake. Pigeni hesabu: mashine iliyotoka hapa ikiwa na nguvu kamili, ikifika kwetu imekwisha kupungukiwa karibu moja ya tano kabla haijakata jani. Ubaya mwingine ni kwamba kabureta haijui kwamba imehama. Inaendelea kumimina petroli ileile kwa hewa iliyopungua, basi injini inakunywa kupita kiasi, moshi unakuwa mweusi, plagi inajaa masizi, na dereva anasema mashine ni mbovu. Si mbovu. Watengenezaji wana kitundu kidogo zaidi cha kabureta kwa ajili ya nchi za juu, na vitabu vyao vinaagiza kibadilishwe ukivuka mita 1,500. Mashine yoyote inayoletwa kwetu kutoka huku ifungwe kitundu hicho kabla ya kuanza kazi. Na dereva asiikimbize kwenye nyasi nene kama anavyoona kwenye video. Aende polepole, akate upana wa nusu ikibidi.

Kichujio cha hewa msikidharau. Vumbi letu jekundu la kiangazi ni msasa. Sponji ya nje ioshwe kwa maji ya sabuni, ikamuliwe, ikaushwe. Karatasi ya ndani haioshwi na wala haipulizwi kwa upepo wa kompresa, kwa maana itatoboka matundu usiyoyaona na vumbi litapita moja kwa moja. Igongwe taratibu, na ikishakuwa nyeusi inunuliwe nyingine. Petroli nayo huzeeka. Ikikaa mwezi mmoja na zaidi huanza kuharibika, na ikikauka ndani ya kabureta huacha gundi. Ndiyo maana Januari shule zinapofungua mashine haziwaki. Siku ya kufunga shule mwisho wa mwaka, tangi limwagwe, kisha injini iwashwe mpaka izime yenyewe kwa kukosa petroli.

Nimefika kwenye kurekebisha usawa, na hapa nitakawia, kwa sababu ndipo uwanja ulipoharibiwa. Chini ya tumbo la mashine kuna sinia kubwa la chuma lililofunikiza visu. Sinia hilo limening'inizwa kwa vyuma vyenye nati, na nati hizo hupanda na kushuka. Lakini msiziguse kabla ya kupima upepo wa matairi yote manne. Kiasi kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na ni kidogo sana kuliko cha gari, mara nyingi kati ya PSI 10 na 14, kwa hiyo kijana wa stesheni ya petroli asiachiwe ajaze kwa mazoea yake. Tairi moja likiwa laini, sinia zima linainama, na fundi atakayekaza nati ili kuficha kasoro ya tairi atakuwa ameharibu mara mbili.

Upepo ukishakuwa sawa, mashine iwekwe juu ya sakafu ya simiti iliyo tambarare. Ufunguo utolewe. Waya wa plagi uchomolewe uwekwe mbali, na hapa simwombi mtu, namwamuru, kwa maana injini ikiwaka kwa bahati mbaya mkono wako ukiwa kwenye kisu, mkono huo hautarudi. Vaeni glavu nene. Geuzeni visu vielekee kushoto na kulia, kisha pimeni kutoka ncha ya kisu mpaka sakafuni, upande huu na upande ule. Pimeni ncha ya kisu chenyewe, wala si ukingo wa sinia, kwa kuwa ukingo huwa umeshagonga mawe ukapinda. Tofauti isizidi milimita 3. Ikizidi, nati ya upande ulio chini ikazwe kidogo kidogo mpaka upande huo uinuke. Kisha visu vigeuzwe vielekee mbele na nyuma. Sasa hatutaki usawa: ncha ya mbele iwe chini kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Sababu ni kwamba kisu hukata kinapopita mbele, na kama nyuma ni chini, kinakata mara ya pili kile kilichokwisha kukatwa, kinakula nguvu za injini, na kwetu nguvu zenyewe tumeshaona zimepungua. Mama yeyote anayelaza fito juu ya mchai angeifanya kazi hii vizuri kuliko madereva wengi, na sioni kwa nini shule zisiwape wanawake mashine hizi.

Kisu butu hakikati, kinararua. Utaona ncha za nyasi zimechanika, na siku ya pili uwanja mzima una rangi ya majani makavu. Kinolewe kila saa 25 hivi kwa tupa, kwa kufuata mlalo wake wa kiwandani. Kikishanolewa kitundikwe katikati kwenye msumari ukutani. Upande ukishuka, huo ni mzito, nao upunguzwe mpaka kisu kilale sawasawa. Kisu kisicho na mizani hutikisa mashine mpaka beringi zife. Na kabla ya kukata, mtu atembee uwanja mzima akiokota mawe, chupa na vipande vya waya, asawazishe vichuguu vya fuko. Fuko wa Kericho wamevunja visu vingi kuliko mawe.

Nyasi zetu za kikuyu huvumilia kukatwa chini kuliko nyasi za huku, lakini kanuni ya theluthi haibadiliki: usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Ukitaka uwanja wa sentimita 4, ukate kabla haujazidi 6. Baada ya likizo ya Aprili, mvua imenyesha na nyasi zimefika magotini, msiitume mashine moja kwa moja. Leteni slasha kwanza. Waliochelewa kufika shuleni wapo, kazi hiyo wanaifahamu. Kisha mashine ipite juu juu, na baada ya siku chache ipite tena chini. Wala isikate kukiwa na maji. Umande ukishakauka kama saa nne asubuhi, mpaka kabla ya mvua ya alasiri, huo ndio wakati. Nyasi mbichi zenye maji huganda chini ya sinia, na chuma huliwa na kutu kikiwa kimefunikwa. Kikwanguo cha mti na dakika chache kila jioni vinatosha kuzitoa.

Halafu kuna jambo la uhai. Mashine hizi zina swichi chini ya kiti. Dereva akiinuka visu vikiwa vinazunguka, injini inazima. Naambiwa fundi mmoja aliukata waya wake akauunga moja kwa moja kwa sababu swichi ilikuwa inasumbua. Ilikuwa haisumbui. Ilikuwa inalinda miguu ya dereva anayeshuka kuokota kijiti. Yeyote aliyefanya hivyo airudishe kabla ya mwisho wa juma. Na huu mtindo wa kuwapakata watoto wakati wa kukata ili wapigwe picha ukome. Mtoto akiteleza hapo hakuna breki itakayomwahi. Miteremko nayo: mwisho ni nyuzi 15. Chukueni ubao wa mita 1, ulazeni sawa kwa pima maji, ncha moja ikigusa mteremko. Kama ncha nyingine iko juu ya ardhi kwa zaidi ya sentimita 27, hapo ni pa slasha, na mashine isipelekwe. Penye mteremko mdogo, dereva apande na kushuka moja kwa moja, asipite kwa ubavu, kwa sababu mashine ya kukalia hupinduka kwa ubavu.

Nimejiuliza kwa nini haya yote hayakushika kwetu, ilhali nyasi za kunyolewa tumezijua muda mrefu. Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilibuniwa na Edwin Budding huko Gloucestershire, Uingereza, mwaka 1830, kwa kuiga mashine ya kiwandani iliyonyoa manyoya ya vitambaa. Brooke Bond na James Finlay walipokuja Kericho miaka ya 1920 walikuja na bangaloo za mameneja, na mbele ya kila bangaloo uwanja wa nyasi. Waliozisukuma mashine hizo walikuwa baba na babu zetu. Lakini karakana ilikuwa ya kampuni, funguo za ghala la vipuri zilikuwa za kampuni, na kitabu cha mashine kilikaa kwenye kabati la meneja. Mzee alikabidhiwa mashine ikiwa imeshaandaliwa, akaisukuma, jioni akairudisha. Nadhani ndipo tulipojifunza kwamba kutumia ni kwetu na kutunza ni kwa mwingine. Mwingine huyo alishaondoka, na kiti chake bado hatujakikalia.

Naandika kwa ukali kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko uwanja wa mpira. Mwaka 2010 wafanyakazi wa mashamba makubwa waligoma kupinga mashine za kuchuma chai. Mei 2023 mashine zilichomwa moto Kericho. Sitamhukumu mama aliyelea watoto kwa kikapu, akaona chuma kikipita juu ya michai yake kwa nusu ya asubuhi. Hasira yake ina haki, na wanaoleta mashine bila kumpangia chakula chake watajibu. Lakini mashine zimerudi, na baadhi ya wakulima wadogo sasa wananunua zile za kubebwa mkononi. Nikiuliza nani anazitunza, napata jibu lilelile la shuleni: mpaka ziharibike.

Nazo ni ndugu wa hii ya nyasi. Zina injini ndogo, zina visu, zina usawa wa kufuata. Kisu butu kikirarua jani la chai, jani lililochubuka huanza kubadilika rangi kabla halijafika kiwandani, na ubora unashuka hapo hapo shambani. Nyingi za kubebwa mkononi ndizo zinazochanganyiwa oili na petroli, na kipimo kiko kwenye kitabu: kwa 50 kwa 1, lita 5 za petroli hupata mililita 100 za oili, kwa 25 kwa 1, mililita 200. Anayekadiria kwa kizibo cha chupa ataiua injini mapema.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa Litein, Kapkatet, Sotik na Mogogosiek mliokaa na spana mkingoja bodaboda ziharibike: kabureta mnaijua, plagi mnaijua, grisi mnayo. Tembeleeni mashamba na shule kabla hamjaitwa. Mwambieni mwenye mashine, nitakuja kila saa 25 na kila saa 50, nitaandika kwenye daftari lako, utanilipa kidogo kila muhula badala ya kunilipa nyingi siku ya msiba. Anayelipwa kwa mashine kuwa nzima ataombea iwe nzima. Mnachokosa ni vitabu, na hivyo si vigumu. Kwenye injini ya Briggs & Stratton kuna namba tatu zimegongwa kwenye chuma: modeli, aina na msimbo (code). Kwenye mashine yenyewe, mara nyingi chini ya kiti, kuna kibandiko chenye namba yake. Vipigeni picha mvioneshe vizuri, mnitumie kupitia gazeti hili. Vitabu vingi vya mashine hizi hutolewa bure na watengenezaji, nami nitavitafuta, nitazitafsiri kurasa zake za utunzaji kwa Kiswahili, na nitavirudisha kwenu kimoja kimoja.